Kava Bila Simu

Mjane wa Nyamweya aliitazama ile kava ndani ya mfuko wa ushahidi, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akatikisa kichwa.

"Hii si ya bwana yangu."

Sajini Loice Cherotich hakumjibu haraka. Kazi ilikuwa imemfunza kwamba mtu aliyefiwa ukimharakisha hukupa jibu unalolitaka wewe, si jibu alilo nalo yeye. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umemeza mashamba ya chai mpaka kwenye ua wa kituo cha polisi, na taa ya ofisi ilikuwa bado inawaka ingawa asubuhi ilikuwa imeshapevuka.

"Uko na uhakika, Mama?" aliuliza Koplo Weldon kutoka kwenye kiti kilichokuwa karibu na kabati. "Watu wananunua kava kila siku."

"Bwana yangu hakuwa mtu wa kava." Nyanchoka, ndilo jina la yule mjane, alijifuta pua kwa ncha ya leso. "Mimi nilimnunulia moja Krismasi. Akasema simu kuvaa kava ni kama mwanaume kuvaa sketi. Akapeana kwa mtoto wa ndugu yake. Simu yake ilikuwa imepasuka kioo, ukiguza vibaya unakatwa kidole. Hiyo ndiyo alitoka nayo hiyo siku."

"Na hiyo siku alikuwa na shida na mtu?"

"Alikuwa na siri." Nyanchoka aliteremsha sauti. "Aliniambia anajua malori yenye yanabeba majani ya wizi, na anajua ni askari gani anayafungulia njia. Akasema ataenda Kericho kuongea na wakubwa. Hakufika."

Weldon alikohoa, akaomba radhi, akasema baridi ya huku itamuua.

Nyamweya alikuwa karani wa kituo cha kununua majani ya chai cha Chepkisa. Alikutwa ndani ya mtaro unaotenga shamba la chai na msitu mdogo wa mikaratusi, ile miti ya blugamu, kichwa kimepondwa kwa jiwe. Simu yake haikuonekana. Kava hiyo ya mpira ilikutwa katikati ya mistari ya chai, karibu na mtaro, na kituo kizima cha polisi kilikubaliana mara moja: muuaji amechukua simu, kava imeanguka. Maelezo yalinyooka vizuri. Polisi hupenda maelezo yaliyonyooka, hasa siku za baridi, kwa sababu huwaruhusu kurudi kwenye chai yao kabla haijapoa. Sasa mwanamke mmoja mwenye leso alikuwa ameyavunja kwa sentensi moja.

Nyanchoka alipoondoka, Weldon alivuta kiti karibu na meza.

"Kama si ya marehemu, ni ya muuaji."

"Au ya mtu aliyeona," alisema Cherotich.

Alijuta kulisema hilo baadaye, na alijuta sana. Wakati ule lilimtoka tu, kama wazo linavyomtoka mtu mbele ya mwenzake wa kila siku.

"Basi ni rahisi," Weldon alisema. "Nimeangalia hayo mashimo ya kamera. Hii ni kava ya ile simu kubwa, ya bei. Mchumaji atatoa wapi simu kama hiyo? Tutafute mtu wa ofisi. Mwalimu, maneja, mtu wa kiwanda."

Cherotich alivaa glavu, akaitoa kava mfukoni, akaisogeza chini ya taa. Ilikuwa kava ya mpira, iliyouzwa ikiwa angavu kama maji. Sasa ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na pale vidole vinaposhika palikuwa na weusi uliokuwa umeingia ndani ya mpira wenyewe. Weusi huo aliujua. Ulikuwa utomvu wa majani ya chai, ule usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu, aliokuwa nao mama yake vidoleni mpaka siku ya kuzikwa.

Kisha akaangalia ndani. Simu ikikaa kwenye kava kwa muda mrefu huacha alama yake: vumbi hujipanga pembeni, na duara la kamera hujichora kwenye mpira. Hapa duara lilikuwa limejichora mbali na tundu la kamera. Mstari wa uchafu ulichora umbo dogo, na pande zote za umbo hilo mpira ulikuwa safi. Simu iliyoishi humo haikuwa ile kubwa. Ilikuwa ndogo, na kati yake na kava palikuwa na kitu kingine.

Nailoni. Wachumaji wa huku hawanunui kava inayotosha simu. Mvua hunyesha karibu kila siku, na umande wa majani huwalowesha mpaka chupi, aproni au si aproni. Kwa hiyo simu hufungwa kwanza kwenye karatasi ya nailoni, ikakunjwa mara kadhaa, halafu ndiyo ikasukumwa ndani ya kava kubwa kuliko saizi yake. Hutobolewa tundu kwenye kona, hupitishwa kamba, simu huning'inia chini ya kwapa, mbali na macho ya msimamizi. Mtindo huo una kasoro moja ambayo kila mwanamke wa majani anaijua na hakuna anayeijali: nailoni huteleza. Ukikimbia, simu huchomoka.

Mtu alikuwa amekimbia.

"Unaona nini?" Weldon aliuliza.

"Uchafu," alisema Cherotich. Alikuwa na tabia ya kutosema jambo kabla hajalihakikisha, na Weldon alitoka Londiani, kwao ni viazi na maziwa, angelazimika kumfafanulia habari nzima ya nailoni. "Twende Bomet. Nataka kumwona Clifford, yule anayeuza kava pale sokoni."

"Clifford gani? Simjui huyo," alisema Weldon, akachukua funguo za gari.

*

Kibanda cha Clifford Oyugi kilikuwa kimevaa kava kuanzia juu hadi chini: nyekundu, nyeusi, za maua, za kumetameta, za timu za mpira. Mvua ilikuwa ikigonga bati. Weldon aliegesha gari ng'ambo ya barabara, akasema yeye atabaki humo na kifua chake.

"Karibu, madam!" Clifford alikuwa mwembamba, mwenye fulana ya kanisa na maneno mengi kuliko bidhaa zake. "Leo umekuja kuvalisha simu nguo? Hiyo yako naiona inatembea uchi. Unaogopa kuanguka ama unaogopa mvua? Kama ni kuanguka, chukua hii yenye kona zimefura, ikidondoka inadunda. Hii ya kufunga kama kitabu sitakuuzia, hapana. Huku kwetu ngozi haikauki. Mwezi moja tu inanuka kama soksi."

Cherotich alicheka kidogo, akatoa mfuko wa ushahidi.

Tabasamu la Clifford lilitoweka. "Hii tena?"

"Tena?"

"Si mwenzako alikuja na picha yake jana."

"Mwenzangu nani?"

"Huyo mwenye amekaa kwa gari hapo. Hukumtuma?"

Cherotich hakugeuka. Ilimbidi ashike kingo za meza ili asigeuke. Picha ya kava ile ilikuwa kwenye simu za wapelelezi peke yao. Weldon alikuwa amekuja hapa jana, peke yake, na leo asubuhi amesema hamjui Clifford. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu alikuwa akimwendesha gari.

"Clifford," alisema, midomo ikisogea kidogo tu. "Usimwangalie. Nitolee kava zingine. Ongea kama mtu anauza."

Clifford alimtazama usoni. Lolote aliloliona huko lilimtosha. Alinyoosha mkono juu, akateremsha mkungu mzima wa kava.

"Sasa hii," alisema kwa sauti ya soko, "haishiki alama za vidole! Guza mwenyewe!" Kisha kwa sauti ya chini: "Madam, kuna nini?"

"Alikuuliza nini jana?"

"Aliuliza ni simu gani inaingia hapa. Nikamwambia ile kubwa. Akauliza ni watu gani wananunua. Nikamwambia watu wa ofisi. Hii ingine iko na pete ya kidole, madam, hata ukisinzia haianguki!"

"Hukumwambia habari ya wachumaji?"

"Hakuuliza. Na hakununua kitu. Mtu akikuja kwangu na asinunue, nampatia jibu la bure."

Cherotich aliinua kava ya buluu, akaipima kwenye simu yake, akaitoa. Alihisi macho ya Weldon kwenye kisogo chake kupitia kioo cha gari na zile fimbo za kupangusa mvua. Aliinua nyingine.

"Hili tundu la kamba umelitoboa wewe?"

Clifford alisogeza uso. "Ni chuma yangu ya kulehemu hiyo, naona vile imezunguka safi. Lakini iko kona ya kulia. Mimi huwa natoboa ya kushoto." Akamkumbuka mtu. "Ni Quinter. Yule wa mkono wa shoto, alitaka kona ya kulia. Tulicheka sana hiyo siku, nilikuwa nimeshatoboa moja vibaya akakataa kulipa. Anachuma kule Chepkisa, chini ya blugamu. Ni wa kwetu kule Ndhiwa. Madam, huyo msichana amefanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Sasa mbona polisi wawili wanauliza kava yake?"

Alichagua ile ya buluu, kwa sababu mwanamke akishinda kibandani muda wote huo na kuondoka mikono mitupu ataulizwa kwa nini. Clifford aliivalisha simu yake, akabonyeza kona moja baada ya nyingine.

"Funga mapema leo," Cherotich alimwambia. "Nenda nyumbani. Kwa mtu, popote."

"Siku ya soko? Madam, nifunge siku ya soko nile mawe?"

Alitaka kumbembeleza. Alitaka kumshika mkono amwambie aache kila kitu. Lakini mlango wa gari ulikuwa umefunguliwa, na Weldon alikuwa anavuka barabara, kofia ya koti la mvua imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Umepata?" aliuliza.

"Nimepata hii." Cherotich aliinua simu yake yenye vazi jipya. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka ya kawaida. "Na ile nyingine anasema ni ya simu kubwa, kama ulivyosema. Anakumbuka aliuzia bwana fulani wa ofisi ya kiwanda, mwenye gari nyeupe. Jina hajui."

Clifford alikuwa anapanga kava zake, macho chini.

Weldon alimtazama Clifford, akamtazama Cherotich. "Nilijua tu ni mtu wa ofisi."

"Nenda kiwandani ukawaulize. Mimi napitia ofisi za kaunti, halafu tukutane kituoni."

"Nikupeleke kwanza? Mvua yote hii?"

"Tugawane kazi, Weldon. Nyanchoka anataka majibu."

Alikubali upesi. Cherotich alisimama chini ya kibaraza cha duka la mbegu mpaka alipoliona gari likikata kona ya kuelekea kiwandani na kupotea. Hapo ndipo pumzi ilipomtoka. Alimpigia Inspekta Obiero wa Kericho, mtu pekee wa ngazi ya juu ambaye Cherotich angeweza kuapa kwamba hajala rushwa na Weldon. Alimweleza yote isipokuwa jina la shahidi. Alisema "shahidi" tu, na "Chepkisa, chini ya blugamu", kwa kuwa simu za siku hizi zina masikio.

"Natoka sasa hivi," alisema Obiero. "Na usiende huko peke yako, Sajini."

"Ndiyo, afande," alisema Cherotich, huku akimpungia mkono mtu wa bodaboda.

*

Chini ya Chepkisa ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba mistari ya chai ilionekana michache tu, iliyobaki ilikuwa weupe mtupu. Alimlipa wa bodaboda, akateremka kwa miguu. Alisikia wachumaji kabla ya kuwaona: vicheko, wimbo wa kanisa, majani yakikatika. Kisha wakamwona yeye, na sauti zote zikazima.

"Chamgei," aliwasalimu.

"Chamgei mising," waliitikia wachache, bila kuacha kuchuma.

"Namtafuta Quinter."

Hakuna aliyeinua kichwa. Walikuwa wamevaa aproni za nailoni za rangi moja, kofia zimefunika masikio, vikapu mgongoni. Mama mmoja mnene, Esnah, aliyeonekana ndiye mkubwa wao, alimwambia kwa upole kwamba huku hakuna mtu wa jina hilo, labda ajaribu shamba la juu. Alisema uongo huo vizuri sana. Cherotich akaacha kutazama nyuso, akatazama mikono. Mikono ilikimbia juu ya chai, wa kulia ukitangulia, wa kushoto ukifuata. Isipokuwa pale mwisho wa mstari, karibu kabisa na ukungu, ambapo wa kushoto ndio uliotangulia.

Alipomkaribia, msichana yule alirudi nyuma mpaka kikapu chake kikakwama kwenye matawi.

"Usikuje hapa. Wewe ni polisi."

"Nani amekwambia?"

"Viatu. Yule pia alikuwa na viatu kama hizo."

"Yule nani, Quinter?"

Quinter alitupia jicho upande wa mtaro. Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, vidole vyeusi, midomo imepauka kwa baridi. Tangu siku ya mauaji alikuwa amekuja kazini kila siku katika shamba lile lile, hatua chache kutoka kwenye mtaro ule ule, kwa sababu mchumaji asipokuja watu huuliza ameenda wapi. Cherotich alivua kofia yake ili aonekane uso mzima.

"Naitwa Loice. Mama yangu alichuma majani mpaka akazeeka. Nimekujua kwa kava yako. Kubwa, na nailoni ndani, na tundu la mtu wa shoto. Yule mwingine pia anaitafuta, lakini yeye hajui mambo ya nailoni. Bado hajui."

Quinter akaingiza mkono chini ya aproni, akatoa kifurushi kidogo cha nailoni kilichofungwa kwa mpira wa nywele.

"Nilikuwa nimejificha nipigie mama," alisema. "Nilishika simu hivi, ndani ya nailoni. Nikasikia watu wakipigana. Nikabonyeza video, sijui hata kwa nini. Alimpiga, madam. Nyamweya alikuwa amepiga magoti na akampiga. Nikakimbia. Simu ikateleza kwa kava, nikaidaka na mkono, kava ikabaki."

Cherotich aliifungua ile video. Picha haikuonyesha kitu. Nailoni ilikuwa imekaa mbele ya kamera, na yote yalikuwa mawimbi ya kijani na kivuli kirefu. Lakini sauti ilikuwa safi. Nyamweya akisema ana watoto. Kisha sauti nyingine, tulivu, ya mtu mwenye kifua kibovu: "Nilikuambia unyamaze. Si nilikuambia?" Halafu kikohozi. Halafu jiwe.

Cherotich alizima. Alikuwa akinywa chai na sauti hiyo kila asubuhi.

Juu barabarani gari lilipunguza mwendo, likasimama. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Wanawake wote waliacha kuchuma.

"Umemleta," Quinter alinong'ona. "Umemleta hapa."

"Sikumleta." Lakini hata yeye hakuwa na uhakika. Labda Weldon hakufika kiwandani kabisa. Obiero bado alikuwa mbali. Alipiga moyo konde. "Nipe aproni. Na kofia, na kikapu. Haraka. Vaa koti langu. Simu ibaki kwako, usimpe mtu yeyote isipokuwa mzee anaitwa Inspekta Obiero. Mama Esnah!"

Yule mama alikuwa tayari amefika. Hakuuliza swali. Aliwanong'oneza wasichana wawili kwa Kipsigis, nao wakamshika Quinter mikono, wakainama naye chini ya uso wa chai kuelekea mtoni, na ukungu ukawafunika. Esnah mwenyewe alirudi kwenye mstari wake.

"Chumeni," alisema. "Chumeni kama kawaida."

Cherotich alisimama mwisho wa mstari, mgongo kwa barabara, bastola ndani ya aproni. Alianza kuchuma. Mikono ilikumbuka, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, ila alilazimika kuutanguliza wa kushoto, na wa kushoto ulikuwa mzito kwa woga. Alitaka kukojoa. Alitaka kugeuka. Alisikia buti zikishuka taratibu kwenye njia ya udongo, zikasimama, zikaendelea. Zilipita kwa Esnah bila kusimama. Zilikuwa zinamtafuta mtu mmoja, na zilikuwa zinatazama mikono.

Zikasimama nyuma yake.

"Quinter," ile sauti ilisema, laini kabisa. "Usiogope, mami. Nataka tu hiyo simu."

Mikono ya Cherotich iliganda juu ya majani.

Haukuwa woga wa kufa. Ulikuwa mwingine, mbaya zaidi, uliompanda kutoka miguuni. Jina hilo hakumwambia Weldon. Hakumwambia Obiero. Kuhusu mkono wa shoto hakumwambia mtu yeyote duniani. Ni mtu mmoja tu aliyejua mambo hayo mawili kwa pamoja, naye alikuwa amemwacha kwenye kibanda chake siku ya soko, akiwa amempa ushauri badala ya ulinzi. Alilitazama gari likikata kona, akadhani kona hiyo haina njia ya kurudia.

Aligeuka, bastola mbele.

"Mikono juu, Weldon. Juu, niione."

Weldon alishtuka kweli. Akainua mikono. Mkono mmoja wa koti lake la mvua ulikuwa umechanika kwenye kiwiko, na kwenye shavu palikuwa na mkwaruzo mbichi.

"Sajini," alisema. "Kumbe hata kuchuma unajua."

"Clifford yuko wapi?"

Weldon alikohoa, akatema pembeni, juu ya chai ya watu.

"Nilimwambia aje kituoni kuandika maelezo. Akapanda gari mwenyewe." Alionekana kuwaza, kama mtu anayesimulia jambo lililomshangaza. "Alikataa sana kusema. Sikujua muuza kava anaweza kukataa hivyo."

"Yuko wapi?"

"Kwa gari."

"Mzima?"

Weldon aligeuza uso kuelekea barabarani. Wanawake walikuwa wamesogea kutoka pande zote, na sasa walisimama katika mistari wakiwa wamemzunguka, kila mmoja ndani ya aproni yake, kimya.

"Mama Esnah!" Cherotich alipaza sauti bila kumwondolea Weldon macho. "Kimbia kwa gari! Fungua milango yote! Kuna mtu huko, anaitwa Clifford, mwite jina!"

Esnah alitupa kikapu chini, akapanda mlima mbio, sketi ikimpiga magotini. Cherotich alibaki amesimama, bastola kwa mikono miwili, masikio yote huko juu. Alisikia mlango wa kwanza ukifunguliwa. Alisikia Esnah akiita, "Clifford! We Clifford!" Alisikia mlango wa pili. Akamwomba Mungu, kwa maneno ya utotoni, yale ya lugha ya mama yake, kwamba asikie mwanaume akiitikia, hata kwa kulalamika, hata kwa matusi.

Kilichoshuka kutoka barabarani kilikuwa kilio cha Esnah, kirefu, na wanawake wote shambani wakakipokea.